Uji wa mgonjwa na swali la wokovu: wema mdogo una kazi gani katika imani ya Kikristo?

Jumuiya inapofika kwenye sura ya pili ya Waraka wa Yakobo, mabishano huanza. Mmoja anasoma kwa sauti kwamba imani isipokuwa na matendo imekufa. Mwingine anafunua Warumi sura ya tatu na kusoma kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Wa tatu, aliyekuwa kimya tangu wimbo wa kufungulia, anauliza lile ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: basi ule uji tunaompelekea Bibi kila asubuhi tangu augue una maana gani mbele za Mungu? Kama unatuokoa, Kristo alikufa kwa ajili gani? Kama hautuokoi, mbona hukumu ya Mathayo 25 inaulizia chakula, maji na nguo, na haimuulizi mtu hata swali moja la katekisimu?

Ni maswali ya haki kabisa. Yamejibiwa haraka haraka pande zote mbili, na majibu ya haraka yameumiza watu. Wapo waliochoshwa na wema wa kuhesabu, kila wakilala wanajiuliza kama ya leo yametosha. Wapo pia waliojikalia kwa amani kwa kuwa wameokoka, huku ukuta wa pili mtoto analala na njaa. Mimi naamini fundo hili linabana kwa sababu tunaanza na swali lisilo lake. Tunauliza wema unamfaidi nini anayeutenda, ilhali Maandiko karibu kila mahali yanauliza habari za yule anayeupokea. Ukihamia upande wake, mengi yanalegea.

Paulo mchangishaji

Tumchukue kwanza Paulo, kwa kuwa ndiye huitwa shahidi dhidi ya matendo. Mzozo uliomfanya awaandikie Wagalatia kwa ukali ulikuwa juu ya tohara, meza ya chakula na kushika siku: je, mtu wa mataifa aliyemwamini Kristo alazimike kwanza kuchukua alama za torati ya Musa ndipo ahesabiwe kuwa wa Mungu? Paulo anasema hapana, tena anakwenda mbali zaidi ya mzozo wenyewe. Hakuna mwanadamu awezaye kusimama mbele za Mungu na kudai ujira. Wokovu unatolewa bure au hautolewi kabisa.

Sasa mtazame Paulo huyohuyo akiwa kazini. Wazee wa Yerusalemu walipompa mkono wa shirika walimwomba jambo moja, awakumbuke maskini, naye anasema hilo ndilo hasa alilokuwa na bidii kulifanya (Wagalatia 2:10). Kwa miaka kadhaa alizunguka akichangisha fedha Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, watu ambao wengi wa wachangiaji hawakuwahi kuwaona. Wakorintho aliwapa utaratibu ambao mtunza hazina yeyote wa jumuiya atautambua: siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya alivyofanikiwa, ili michango isianze kukimbizwa siku yeye atakapofika. Mtu aliyeyadharau matendo asingeingia gharama hiyo yote.

Na Waefeso 2:8-9 tumeikariri tangu shule ya Jumapili: mmeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo. Mstari wa kumi unaofuata hatuukariri, na sijui kwa nini, maana ndio unaomalizia sentensi: tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Matendo mema yamekataliwa kuwa mlango wa kuingilia nyumbani, kisha yakatajwa kuwa ndiyo maisha ya humo ndani.

Upande wa pili, Yakobo hapigani na Paulo. Anapigana na mtu anayejua kusema vizuri. Soma mfano wake polepole. Ndugu yuko uchi, hana riziki ya siku, na mtu wa kanisani anamwambia, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba." Hayo si matusi. Ni baraka. Ni maneno mazuri ya kuagana, ndugu wa yale tunayoyaandika kwenye kundi la WhatsApp mtu akitangaza msiba au maradhi: pole sana, tunakuombea, Mungu akutie nguvu, mikono miwili iliyokunjwa. Yakobo hasemi maneno hayo ni uongo. Anauliza tu, "yafaa nini?" Yamfae nani? Yamfae yule aliye uchi. Jicho la Yakobo liko kwake, na kwa macho yake baraka isiyo na nguo inaonekana jinsi ilivyo.

Kwa hiyo Paulo anajibu swali la mwenye dhambi anayeogopa kwamba Mungu hatampokea, na Yakobo anamjibu mwenye starehe aliyekwisha kujihakikishia kwamba amepokelewa. Ukimpa kila mmoja jibu la mwenzake utamwangamiza. Mama anayelia kwa kuona hajatenda ya kutosha hahitaji Yakobo 2, na bwana mkubwa aliyeketi kiti cha mbele hahitaji kutulizwa kwa Warumi 3.

Sisi Walutheri tuna historia ya kukiri hapa. Martin Luther, katika dibaji zake za Agano Jipya la Kijerumani la mwaka 1522, aliuita Yakobo waraka wa majani makavu. Lakini katika dibaji ya Warumi ya mwaka huohuo aliandika kwamba imani ni kitu kilicho hai na chenye shughuli, ambacho kabla hujauliza kama matendo mema yatendwe, kimekwisha kuyatenda na kinaendelea. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527 wengi walikimbia. Yeye na mkewe Katharina walibaki na nyumba yao ikapokea wagonjwa. Fundisho lake mara nyingi hufupishwa hivi: Mungu hahitaji matendo yetu mema, jirani ndiye anayeyahitaji. Kwangu hapo ndipo hasa fundo linapofunguka. Ukiwa umepewa bure usichoweza kulipia, mkono wako hauna tena sababu ya kuelekea juu kulipa deni, uko huru kuelekea pembeni.

Wakatoliki kwa upande wao, kwenye Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1547, walikataa wazo la imani inayobaki peke yake bila tumaini na upendo. Ilichukua karne nyingi pande hizi kusikilizana. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg nchini Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja linalokiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, pasipo stahili yoyote iliyo yetu, na kwamba Roho tunayempokea hufanya upya mioyo yetu na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti waliungana nalo mwaka 2006. Inasikitisha kwamba tamko lenyewe halisikiki sana kwenye mabenchi yetu, na kwenye daladala bado watu wanagombana kama vile ni mwaka 1547.

Kondoo hawakujua

Mathayo 25 ndiyo ngome ya wale wanaosema wema unatuingiza mbinguni. Tuisome kwa makini, maana ina jambo la ajabu. Mfalme anawaambia walio kuume, wale waliofananishwa na kondoo, nalikuwa na njaa mkanipa chakula, nao wanashangaa: Bwana, ni lini tulipokuona? Hawakumbuki. Hawana daftari. Kama wangekuwa wametenda ili wahesabiwe wangekuwa na orodha mkononi na tarehe zake. Walikuwa wanamwangalia mwenye njaa, kwa hiyo hawakujiona wao wenyewe.

Walio kushoto nao wanauliza swali lilelile, lakini ndani ya swali lao kuna kujitetea: tungejua ni wewe, tungekuja. Hapo ndipo kosa lao lilipo. Walikuwa tayari kumhudumia mkubwa.

Halafu angalia udogo wa yanayotajwa. Yohane Krisostomo, aliyekuwa mhubiri Antiokia kabla ya kuwa askofu wa Konstantinopoli, aliligundua hili karne ya nne. Kristo hasemi nilikuwa mgonjwa mkaniponya, wala nilikuwa kifungoni mkanitoa. Anasema, "nilikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama, nilikuwa kifungoni, mkanijia." Kuponya kunahitaji dawa na utaalamu, kumtoa mtu gerezani kunahitaji wakili. Kwenda kumtazama kunahitaji nauli na saa mbili. Hakuna aliye maskini kiasi cha kuachwa nje ya sura hiyo.

Wasomi wanabishana hao "ndugu zangu walio wadogo" ni nani. Wengine wanasema ni wanafunzi waliotumwa kuhubiri bila mkoba, kwa kuwa Mathayo 10:42 inaahidi thawabu kwa atakayemnywesha mmoja wa wadogo hao "ngaa kikombe cha maji ya baridi, kwa kuwa ni mwanafunzi." Wengine wanasema ni kila mhitaji. Hoja ya kwanza ina nguvu, siibezi. Ila sioni jinsi mtu aliyesoma Mahubiri ya Mlimani, pale Baba anapowanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, atakavyomsimamisha mwenye kiu mlangoni amuulize ubatizo kabla ya kumchotea maji.

Wema wa namna hii unaonekana vizuri zaidi wodini. Hospitali nyingi za kwetu chakula cha mgonjwa kinatoka nyumbani, na saa ya kuona wagonjwa ikifika korido zinajaa hotpoti, chupa za chai na vikapu. Daima kuna kitanda kimoja ambacho hakuna anayekisogelea. Aliyelala hapo ameletwa kwa rufaa kutoka wilaya ya mbali, aliyemsindikiza amerudi kuangalia watoto, na simu imeisha chaji. Mama anayemuuguza binti yake kitanda cha jirani hasemi lolote. Anammiminia uji kwenye kifuniko cha chupa, kwa kuwa kikombe ni kimoja. Kabla ya kumpa anamuuliza nesi kama huyu amekatazwa chumvi au sukari. Mgonjwa akitaka kubadili nguo, yule mama anatandaza kanga kwa mikono miwili na kugeuza uso. Jioni anachomoa laini ya mgonjwa, anaiweka kwenye simu yake mwenyewe na kuwabipu ndugu mpaka mmoja anapiga. Siku ya tatu manesi wanamwita yeye kwa habari za vitanda vyote viwili. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia, "Sasa ningekunywaje mimi, yeye ananiangalia?"

Hilo jibu lina teolojia ya Mathayo 25 yote ndani yake. Hakuna mbingu iliyotajwa, hakuna thawabu. Kuna mtu anayeangalia, na mwingine ambaye hawezi kumeza mpaka huyo naye ameze.

Senti za kila mwezi

Wakristo wa kwanza waliuchukua wema mdogo wakaupa utaratibu. Yustino, akiandika Roma katikati ya karne ya pili, anaeleza kwamba Jumapili wenye uwezo walitoa kadiri walivyopenda, na kilichokusanywa kikawekwa kwa kiongozi wa ibada ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliano wa Karthago, karibu na mwaka 197, anasema kila mmoja huleta sarafu ndogo mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza, bila kulazimishwa. Fedha hizo hulisha na kuzika maskini, hutunza watoto wasio na wazazi, watumwa waliozeeka na watu waliovunjikiwa na jahazi. Kuzika maskini, yatima, wazee. Badilisha sarafu ya Roma kwa shilingi na hiyo ni taarifa ya mfuko wa jumuiya yoyote Moshi au Kisumu.

Kwa sarafu hizo, mwaka 251 askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake linawatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Ugonjwa wa kuambukiza ulipoikumba Aleksandria miaka michache baadaye, askofu Dionisio alisimulia jinsi Wakristo walivyouguza wagonjwa, wakawaosha na kuwazika, na wengi wakafa kwa kuambukizwa. Mwaka 362 mfalme Juliani, aliyetaka kuirudisha dola kwenye miungu ya zamani, alimwandikia kuhani mkuu wa Galatia kwa hasira: hawa Wagalilaya (ndivyo alivyowaita Wakristo) wanalisha maskini wao, na maskini wetu pia. Akaagiza makuhani wake nao wajenge nyumba za wageni na kugawa nafaka. Adui ndiye aliyetoa ushuhuda, na alichokiona hakikuwa hoja za kiteolojia.

Afrika Mashariki utaratibu huu ulipata nguvu mpya mwaka 1976, maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu kupitia shirikisho lao la AMECEA walipokaa kujadili ujenzi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo. Wazo lilikuwa kwamba parokia yenye maelfu ya waumini haiwezi kumjua mtu aliyekosa chakula jana, ila nyumba 10 au 15 zinaweza. Walutheri nasi tuna jumuiya zetu, za kukutana alfajiri au jioni sebuleni kwa mtu. Watu wa nje hudhani jumuiya ni mahali pa kusali tu. Aliyefiwa anajua zaidi. Kabla maturubai hayajafika, akina mama wa jumuiya wameshakuja na sufuria zao, mmoja ameshika daftari la rambirambi, vijana wameshatumwa makaburini na majembe.

Picha na mchele

Kuna mahali Yesu anasema nuru yenu iangaze mbele ya watu wapate kuyaona matendo yenu mema (Mathayo 5:16), na ukurasa unaofuata anasema utoapo sadaka, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume (6:3). Watu wanapata taabu hapa, na siku hizi taabu imeongezeka kwa sababu ya simu yenye kamera.

Picha yenyewe mnaijua. Kikundi kimevaa fulana za rangi moja. Mbele kuna magunia ya mchele, dumu la mafuta ya kula, katoni za sabuni. Katikati amesimamishwa mtoto wa kituo, amekabidhiwa pakiti ya biskuti na kuambiwa aangalie huku. Jioni uso wake uko mtandaoni, chini yake watu wanaandika "mbarikiwe sana". Sisemi waliotoa ni wanafiki. Wengi wana moyo safi na mchele unaliwa kweli. Lakini muulize yule mtoto atakapokuwa na miaka 20, anaomba kazi, na picha hiyo bado ipo.

Ukitazama kutoka upande wa mpokeaji, mistari ile miwili haigombani. Kinachotakiwa kionekane na kinachotakiwa kifichwe ni vitu viwili. Hesabu zionekane. Paulo alipobeba ule mchango wa Yerusalemu alihakikisha wametumwa pamoja naye watu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu juu ya fedha hizo, akijali mambo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20-21). Basi isomwe kanisani imekusanywa kiasi gani na imetoka kiasi gani, na risiti ziwepo. Uso wa mpokeaji ndio ufichwe. Mzee wa kanisa anayepeleka ada ya mtoto aingie kwa mlango ambao kila mtu huingilia, siku ambayo si ya matembezi rasmi, na kwenye daftari paandikwe "ada, mtoto mmoja" basi.

Na wema wa wasio Wakristo?

Swali hili huulizwa sana Pwani, na lina uzito kwa kila aliyekulia nyumba zenye ua mmoja na Waislamu. Jirani anayetuma sahani ya futari kwa familia ya Kikristo jioni ya Ramadhani, je, wema wake ni pungufu kwa kuwa hauko chini ya jina la Kristo?

Yesu alilijibu kabla halijaulizwa. Katika Luka 10 mwanasheria anauliza jirani yangu ni nani, maana yake, mpaka wa wajibu wangu uko wapi. Yesu anamsimulia habari ya mtu aliyepigwa akaachwa nusu mfu, kisha anamrudishia swali likiwa limegeuzwa: "ni yupi aliyekuwa jirani yake yule aliyeangukia kati ya wanyang'anyi?" Hesabu imeanzia kwa aliyelala barabarani. Na aliyefaulu ni Msamaria, mtu ambaye kwa mwanasheria yule dini yake ilikuwa potofu. Tena angalia jinsi anavyohudumu: mafuta, divai, vitambaa, punda wake mwenyewe, usiku mmoja wa kuuguza, dinari mbili kwa mwenye nyumba, na ahadi ya kurudi kulipa kitakachozidi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Siku mbili za kazi, si utajiri, lakini si chenji.

Kwa hiyo Mkristo hana hatimiliki ya wema. Anachoweza kusema ni kwamba wema wake yeye una chanzo anachokijua kwa jina, na kwamba anapotenda anajua anaitikia wema aliotangulia kutendewa. Sahani ya futari ikifika, aipokee na kumshukuru Mungu kwa ajili ya jirani yake, na ikifika Krismasi sahani irudi na pilau.

Wema usiwe kitambaa cha kufunikia deni

Nimesema mengi mazuri juu ya udogo, na hapa lazima niwe mkali kidogo. Wema mdogo unaweza kutumika vibaya. Yakobo aliyeandika sura ya pili ndiye aliyeandika ya tano, na humo anawageukia matajiri: ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, mlioushika kwa hila, unapiga kelele. Yuko mama anayepika chapati za kupeleka hospitali na jumuiya, huku dada wa kazi aliyezisukuma hajalipwa miezi mitatu. Yuko bosi anayetoa ng'ombe kwenye harambee ya kanisa na vibarua wake hawana mikataba. Mshahara wa dada si wema, ni haki yake, na chapati hazihesabiwi mahali pake.

Vivyo hivyo, ukimpelekea mtu maji leo, kesho na keshokutwa, ipo siku lazima uulize kwa nini kijiji hakina kisima. Basili, aliyekuja kuwa askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, alifungua maghala na kulisha watu wakati wa njaa ya karibu na mwaka 369, lakini hakuishia hapo. Nje ya mji ulijengwa mtaa mzima wa kupokea maskini, wageni, wagonjwa na wenye ukoma. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilianzishwa na taasisi inayobeba jina la Msamaria Mwema. Dinari mbili zilikua zikawa wodi. Lakini wodi nayo, kama tulivyoona, bado inamhitaji mama mwenye kifuniko cha uji. Wanaopinganisha haki na huruma, wakisema tuache kugawa maji tupiganie kisima, sijawahi kuona mwenye kiu akikubaliana nao.

Kuna udogo mwingine ambao hata kisima hakiugusi. Teresia wa Mtoto Yesu aliingia utawani Lisieux, Ufaransa, akiwa na miaka 15 na kufariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Anasimulia habari za sista mmoja mzee, mgonjwa na mgumu kumridhisha, ambaye kila jioni alihitaji kuongozwa kutoka kwenye sala hadi chumba cha chakula. Ukienda haraka analalamika ataanguka, ukienda polepole analalamika haoni mkono wako. Teresia akajitolea. Akafuata masharti yote, na siku moja akaona kwamba yule mzee anapata shida kukata mkate wake, akawa anamkatia kabla ya kuondoka, kisha anamwachia tabasamu. Hakwenda nchi za mbali. Papa Pius XI alimfanya msimamizi wa misioni mwaka 1927 hata hivyo. Mimi Mlutheri namshukuru kwa ule mkate. Wengi wetu tuna huruma nyingi kwa yatima wa kituo na hatuna hata chembe kwa mama mkwe.

Upande wa kupokea

Limebaki jambo moja ambalo mahubiri ya kutoa hulisahau. Kama wema unapimwa kutoka kwa mpokeaji, basi kupokea nako ni sehemu ya imani, na Yesu mwenyewe alikaa sana upande huo. Alimwomba maji mwanamke Msamaria pale kisimani. Yoana mke wa Kuza, Susana na wanawake wengine waliwahudumu yeye na wanafunzi kwa mali zao (Luka 8:3). Alizikwa katika kaburi la mtu mwingine. Mathayo 25 inaanzia hapo: anayesema nilikuwa na njaa alikuwa nayo kweli.

Wanajumuiya wengi wanajua kutembelea na hawajui kutembelewa. Akiugua mwalimu au mzee wa kanisa, utasikia, "Msijisumbue, tuko sawa." Na aliyesaidiwa kwa muda mrefu huishia kutengwa kwa namna ya upole: hapewi zamu ya kukaribisha ibada kwake kwa kuwa viti havitoshi, bahasha ya mchango inamruka kwa kuwa "tunamwonea huruma". Bibi yule tuliyempelekea uji ataamka siku moja na kuja na mayai manne kwenye kitambaa. Mayai hayo yapokelewe, yaandikwe kwenye daftari la michango kwa jina lake kama ya mtu mwingine yeyote, na ratiba ya mwezi ujao ikipangwa ibada ipangwe kwake. Viti tutavibeba.